Kamba ya mita 120: siku saba Tabora–Kigoma kuhesabu virusi vya ziwa

Kumbukumbu hizi zimeandikwa Tabora baada ya kurudi, kutokana na daftari lililoloa kona moja na picha za simu ambazo nyingi zinaonyesha lebo za vichupa tu. Safari ilikuwa na kazi moja: kuteka maji ya Ziwa Tanganyika kwa vina mbalimbali, kuhesabu virusi na bakteria waliomo, kisha kukadiria ni bakteria wangapi wanauawa na virusi kwa siku. Kazi hii ilizaliwa baharini na karibu kila hatua yake imekopwa kwa watu wa bahari. Kigoma ina maji ya kutosha kuikopa bila aibu. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 670 na kina cha mita 1,470, na upande huu wa kaskazini, ukivuka mita mia hivi kwenda chini, oksijeni inakwisha.

Adui wa kazi hii ni saa. Maji yakishaingia kwenye chupa, virusi vinaendelea kupasua bakteria, vingine vinaoza, na hata ukitia dawa ya kuhifadhi bado vinapungua ukiviacha kwenye friji. Ndiyo maana maelezo yafuatayo yanakaa sana kwenye barafu, mafuta ya boti na dakika.

Siku ya 1, Jumatatu. Tabora: kufungasha

Siku nzima iliishia kwenye kuosha. Madumu manne ya lita 20 yaliwekwa tindikali ya haidrokloriki ya 10% usiku kucha, yakasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa, yakafungwa. Usitumie dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula hata kama limeoshwa mpaka likang'aa. Utando wa mafuta hunasa chembe, na hesabu inashuka bila kukuambia.

Mchanganyiko wa chuma ulitengenezwa jioni: gramu 4.83 za kloridi ya chuma (ile yenye maji sita) ndani ya mililita 100 za maji safi. Hapo unapata gramu 10 za chuma kwa lita. Uwe mpya kila safari. Ukikaa muda mrefu unaanza kuganda na kuacha tope la kahawia chini ya chupa, na kipimo chako hakina maana tena. Matumizi yake yanakuja siku ya tano.

Vingine: vichujio vya alumina vya tundu la mikromita 0.02, vinavyonasa virusi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita; pakiti moja ya 50, na ndivyo ghali kuliko vyote humu), vya polikaboneti, aina ya plastiki, vya 0.2 na 1.0, pampu ya mkono ya kuvuta hewa yenye geji, glutaraldehaidi ya 25% (dawa ya kuhifadhi), rangi ya SYBR Gold ya kuvifanya virusi ving'ae kwenye hadubini, iliyofungwa kwa karatasi ya alumini kwa kuwa mwanga unaiua, vichupa 200 vya mililita 2, na kalamu ya penseli. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu nyingi za alama unafutika naitrojeni ikimwagika, na kesho yake una vichupa 40 visivyo na jina.

Mtungi wa naitrojeni ni ule ule wanaotembea nao wataalamu wa uhamilishaji wa ng'ombe, wa lita 10. Huko ndiko kwa kuanzia kuuliza, kwa sababu watu wa mifugo ndio wanaojua nani anajaza na lini.

Chupa nne za asali ya Tabora ziliingia pia. Hazikuwa kwenye orodha ya vifaa, lakini Kigoma zilifanya kazi kuliko barua.

Siku ya 2, Jumanne. Barabarani

Basi liliondoka saa 12 asubuhi. Nauli 32,000 kwa mtu, na 15,000 za mizigo baada ya majadiliano. Njia ni Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kisha Kigoma.

Kwa watakaofuata: mtungi wa naitrojeni haukai na abiria. Lita moja ikigeuka hewa inajaza karibu lita 700, inasukuma oksijeni nje, na haina harufu ya kukuonya. Ukae buti la pembeni, wima, umefungwa kamba, na kifuniko chake kile kile kinachopumua. Asitokee mtu wa kukusaidia kwa kukibana na plasta. Mwambie kondakta ukweli tangu stendi, na umwonyeshe kwamba mvuke mweupe ule si moto.

Kati ya Kaliua na Nguruka tairi lilipasuka, na la akiba nalo lilikuwa halina upepo. Saa mbili na nusu juani. Naitrojeni ilistahimili, kasha la barafu ndilo lililoanza kulia maji. Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga na mihogo ya kuchemsha kando ya barabara alilowesha magunia mawili kwa maji yake ya kunywa, akayafunika juu ya kasha, akakataa hela ya maji. Alipokea ya karanga tu. Gunia la katani lililoloweshwa kwenye upepo linapoza vizuri kuliko kuhamisha kasha kivulini. Tangu hapo yamekuwa sehemu ya vifaa.

Uvinza tulipita jioni. Kwa wasiojua, mji huo umeishi kwa chumvi tangu zamani za misafara. Mabwawa mengi ya kuanikia chumvi duniani yana virusi vingi kuliko bahari yenyewe, zaidi ya milioni mia kwa mililita. Walaji wengine wa bakteria wanashindwa na chumvi kali, kwa hiyo virusi ndivyo vinabaki kuwa muuaji mkuu. Maji ya Uvinza yanastahili safari yake peke yake.

Kuingia Kigoma saa 3 usiku. Chumba 30,000, chenye friji, na friji ndiyo iliyochaguliwa kabla ya kitanda.

Siku ya 3, Jumatano. Kigoma: mwalo, boti, kamba

Mwalo wa Kibirizi asubuhi. Utaratibu ni kuanza na ofisi ya mtaa, kisha uongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, barua mkononi, na kueleza kwa Kiswahili cha kawaida unateka nini na unapeleka wapi. Ukisema "virusi" bila kueleza, mwalo mzima utasikia "ugonjwa" kabla hujamaliza sentensi. Maelezo yaliyokubalika yalikuwa haya: kuna wadudu wadogo wasioonekana kwenye maji, na hao nao wana maradhi yao, na maradhi hayo hayamgusi mtu wala samaki.

Ni kweli kwa karibu vyote, ila kuna kisa kimoja ambacho wazee wa mwalo walikielewa haraka. Sumu ya kipindupindu, ile inayomkausha mgonjwa, haikuwa ya bakteria mwenyewe. Jeni lake limebebwa na kirusi kilichojipachika ndani ya bakteria, jambo lililoonyeshwa mwaka 1996. Mkoa huu unaukumbuka mlipuko wa Kagunga wa Mei 2015, wakimbizi walipofurika ufukweni kutoka Burundi. Maji ya kunywa kwenye boti yawe ya kuchemsha, hata kama ziwa linaonekana kama kioo.

Boti: ya mbao, injini ya farasi 40, nahodha na vijana wawili. Bei 120,000 kwa kutwa, mafuta juu yako, lita 25 zilitosha kwenda na kurudi na kukaa kazini. Bei ingekuwa nyingine kabisa kama tungefika kwenye giza. Usiku wa giza ndio wa dagaa, boti zote ziko kazini na taa zao, na mchana mabaharia wamelala. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa, wavuvi wanashona nyavu, na boti inapatikana kwa bei ya kibinadamu. Panga safari kwa kalenda ya mwezi kabla ya kuangalia ratiba ya maabara.

Mchana ulikwenda kwenye kamba. Mita 120 za kamba ya poliesta, alama ya kitambaa chekundu kila mita 10 na cheupe kila mita 50. Ipime ikiwa imelowa na ina uzito mwisho wake. Kamba ya nailoni inarefuka ikivutwa na uzito, na mita 100 zako zinakuwa za kubahatisha.

Chakula: ugali wa muhogo na mgebuka wa kukaanga kwa mawese, 6,000. Barafu ya bonge 2,000 moja, tukachukua sita.

Siku ya 4, Alhamisi. Ziwani, kisha usiku mzima

Kutoka mwaloni saa 11 na nusu alfajiri, kabla upepo wa kiangazi haujaamka. Kilomita saba hivi nje ya ghuba, injini ikazimwa. Kamba ya mita 120 haigusi chochote hapo.

Chupa ya kutekea ni ya Niskin, lita 5. Inashuka wazi pande zote mbili, kisha unaachia uzito mdogo wa shaba unaoteleza kwenye kamba na kugonga kufuli, vifuniko vinajifunga. Vina vilikuwa mita 0.5, 20, 50, 80 na 110. Anza na cha juu, malizia na cha chini, ili maji ya shimoni yasichafue ya juu. Suuza dumu mara tatu kwa maji ya kina kile kile kabla ya kulijaza.

Mambo mawili yaliharibika. Kwanza, boti lilisukumwa na kamba ikalala. Ikilala nyuzi 30 kutoka wima, mita 100 za kamba ni mita 87 tu za kina. Pima pembe kwa bevu la fundi seremala na uzi wenye jiwe, halafu ongeza kamba. Pili, chupa ya mita 80 ilipanda ikiwa na maji ya juu, kwa sababu kufuli liliachia mapema. Lilijulikana kwa kipimajoto tu. Maji ya juu yalikuwa nyuzi 26, na ya chini yanatakiwa kukaribia 24. Kila chupa ikifika, kitu cha kwanza ni kipimajoto. Tofauti ya nyuzi mbili inaonekana kuwa ndogo, lakini ndiyo inayolizuia ziwa hili lisichanganyike juu na chini mwaka mzima. Kwa hiyo mita 80 zilirudiwa, dakika 40 zikapotea.

Nahodha alikaa kimya mpaka chupa ya tatu. Halafu akauliza: "Kwa hiyo hao virusi ndio wanaotumalizia dagaa?"

Jibu lilichukua njia nzima ya kurudi. Hapana, virusi hivi haviwagusi dagaa. Lakini dagaa anakula vijidudu vinavyoelea, navyo vinakula vidogo zaidi, na chini kabisa kuna mwani na bakteria. Bakteria akiliwa, kaboni ya mwili wake inapanda ngazi. Akipasuliwa na kirusi, anamwagika majini kama supu: protini, sukari, vipande vya ngozi. Hakuna samaki anayeweza kuinywa supu hiyo. Wanaoiweza ni bakteria wengine, ambao wanaila, wanapumua sehemu kubwa ikawa kaboni dioksaidi, nao wanapasuliwa tena.

"Basi ni mchuzi umemwagika kabla haujafika mezani," alisema, "na paka wa chini ya meza ndio wanalamba."

Ni hivyo, pamoja na nyongeza kwamba paka nao wanakufa chini ya meza hiyo hiyo. Watu wa bahari wamejaribu kupima ukubwa wa mchuzi huo. Makadirio ya mwaka 1999 yalisema kati ya 6% na 26% ya kaboni yote inayotengenezwa na mwani wa baharini inapita njia hii ya kumwagika.

Ufukweni saa 4 asubuhi. Kuanzia hapa kila kitu kwa saa ya mkononi.

Kwanza vichupa vya kuhifadhi, vitatu kwa kila kina: mililita 1 ya maji, mililita 0.02 ya glutaraldehaidi ya 25%, ili dawa iwe karibu 0.5%. Glavu na dirisha wazi, maana dawa hiyo inaunguza macho. Dakika 20 gizani juu ya barafu, halafu moja kwa moja ndani ya naitrojeni. Usiruke dakika 20 hizo, na usizigeuze kuwa saa mbili kwa sababu chai imeletwa.

Kisha jaribio la saa 24, ambalo ndilo roho ya safari. Kuhesabu virusi kunakuambia vipo vingapi. Hakukuambii vinazaliwa vingapi. Njia ni kuwaacha bakteria na kuviondoa virusi vilivyo nje yao, halafu kungoja vipya vitoke ndani ya wale walioambukizwa tayari.

Hatua zilikuwa hivi. Maji ya mita 20 yalipitishwa kwenye kichujio cha 0.2, kisha kwenye katriji ya kuchuja molekuli, yenye matundu madogo kuliko virusi, yakatoka maji yasiyo na virusi, lita moja na nusu. Halafu mililita 300 za maji ghafi juu ya polikaboneti ya 0.2, ukivuta taratibu hadi zibaki 60 hivi, unaongeza maji yasiyo na virusi, unavuta tena, mara tatu, mwisho unarudisha hadi 300. Kichujio kisikauke hata mara moja. Kikikauka, bakteria wanapasuka juu yake na jaribio linaanza na virusi vya uongo. Mvuto usizidi kilopaskali 15 kwenye geji. Tamaa ya kumaliza haraka ndiyo iliyoharibu duru ya kwanza, sindano ikapanda hadi 40 na maji yakabidi kumwagwa.

Mililita 300 ziligawanywa kwenye mirija sita ya 50. Mitatu ikaachwa ilivyo, mitatu ikawekewa mitomaisini C, mikrogramu 1 kwa mililita. Dawa hiyo inaharibu DNA ya bakteria na kuviamsha virusi vilivyolala ndani yao, vile ambavyo badala ya kuua vimejipachika kwenye jeni za mwenyeji na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Ni sumu inayoweza kusababisha kansa. Vaa glavu mbili, na mabaki yake yarudi Tabora kwenye chupa yake, yasimwagwe Kigoma hata tone.

Mirija ikazamishwa kwenye ndoo ya maji ya ziwa, gizani, nyuzi 25 hadi 26. Mililita 1 ikachotwa kutoka kila mrija saa 0, 3, 6, 9, 12, 18 na 24.

Umeme ulikatika saa 2 usiku na kurudi alfajiri. Mlinzi wa nyumba ya wageni alileta karabai ya babake, iliyokuwa imening'inia stoo, akaijaza mafuta mwenyewe, akakaa na ndoo mpaka saa 7 ya usiku akihakikisha maji hayapoi. Chai ya tangawizi ilikuwa yake pia.

Siku ya 5, Ijumaa. Tope la kahawia

Sampuli ya saa 24 ilitoka saa 6 mchana. Mchana uliobaki ulikuwa wa chuma.

Ukitaka kusoma jeni za virusi unavihitaji vingi, na kuvichuja lita 20 kwenye tundu la 0.02 ni kazi ya wiki. Watu wa bahari walipata mbinu nyepesi, na inatosha mahali pasipo na umeme. Chuja lita 20 kwenye 0.2 kuondoa bakteria. Tia mililita 2 za ule mchanganyiko wa chuma, yaani miligramu 1 ya chuma kwa lita. Weka mililita moja kwanza, tikisa dakika nzima, halafu ya pili, tikisa tena. Acha saa moja. Chuma kinaganda na kukokota virusi pamoja nacho, na mabonge hayo yanakamatwa na kichujio cha 1.0. Unabaki na duara la polikaboneti lenye tope la rangi ya kutu, unalikunja, unaliweka kwenye mrija wa 50, nyuzi 4, gizani. Usiligandishe.

Linapofika maabara tope linayeyushwa kwa mchanganyiko wa askobiki na EDTA (kemikali inayoshika metali) wenye magnesi, uchachu wa pH 6, mililita 1 kwa kila miligramu ya chuma. Askobiki ndiyo ile ile vitamini C. Utengeneze siku hiyo hiyo ya kutumia, ukikaa unageuka njano na kuchoka.

Lita 20 zilichukua saa tatu na robo, maana kichujio cha 0.2 kiliziba mara nne. Weka cha 1.0 mbele yake na utaokoa nusu ya muda. Hilo tulilijua kutoka kwenye vitabu na bado hatukulifanya.

Wakati wa kungoja, mazungumzo yalirudi baharini, kwa sababu ndiko kila kitu kilikoanzia. Hadi miaka ya 1980 virusi vya baharini vilidhaniwa kuwa vichache, kwani vilihesabiwa kwa kuotesha mwenyeji wake kwenye sahani, na wenyeji wengi hawaoti. Mwaka 1989 wanasayansi wa Bergen, Norway, waliyaweka maji chini ya hadubini ya elektroni wakakuta mamilioni kwa mililita. Leo hesabu ya kawaida ya maji ya juu ya bahari ni kama milioni 10 kwa mililita, takriban kumi kwa kila bakteria, na inakadiriwa kwamba kila siku vinaua kati ya 20% na 40% ya bakteria wa tabaka hilo.

Watu wengi wakisikia hivyo wanashangaa kwa nini bakteria hawajamalizika. Jibu ni kwamba kirusi kimoja kinajua kabila moja tu, na kinampata mwenyeji kwa kugongana naye. Kabila likiongezeka sana, kugongana kunaongezeka, linafyekwa, na waliokuwa wanyonge wanapata nafasi. Anayeshinda ndiye anayeuawa. Bila hivyo maji yangekuwa shamba la mmea mmoja.

Vingine havifyeki tu, vinaendesha kiwanda. Virusi vya Prochlorococcus, kiumbe mdogo anayefanya usanisinuru kwenye bahari zenye joto, vimebeba jeni la usanisinuru waliloliiba kwa mwenyeji zamani. Vikimwingia vinaliwasha, mtambo wa kunasa jua unaendelea kufanya kazi wakati bakteria anakufa, na nishati yote inakwenda kutengeneza virusi vipya.

Na si kila mchuzi unabaki juu. Seli zilizopasuka zinanata, zinashikana kuwa mabonge na kuzama. Mwaka 2016 takwimu za Tara, chombo cha utafiti wa bahari, zilionyesha kwamba wingi wa kaboni inayozama kwenye bahari zenye virutubisho haba unaendana kwa karibu na virusi vya Synechococcus, ndugu wa Prochlorococcus, kuliko na bakteria wengi wenyewe. Kwa hiyo kirusi hicho hicho kinaweza kuirudisha kaboni hewani au kuizamisha, kutegemea nani amekufa na amekufa wapi.

Kwa Tanganyika swali hilo lina uzito wake. Kinachozama chini ya mpaka wa oksijeni hakirudi juu upesi. Kinageuzwa na bakteria wasiohitaji hewa, na methani imejaa huko chini. Jeni za bakteria wa humu zimesomwa, sampuli 24 za Kigoma na Mahale zilizotoa jenomu 523 (jenomu ni seti ya jeni za kiumbe kimoja), matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Kiasi cha kaboni kinachopita kwenye virusi kabla ya kuvuka mpaka ule ndicho kilichotuleta na ndoo.

Siku ya 6, Jumamosi. Upepo mkali, mawimbi, hakuna boti. Naitrojeni ilipimwa kwa kijiti cha mbao: sentimita 14 zimebaki. Ujiji kwa bajaji, 5,000, dagaa wa kukaanga, kurudi.

Siku ya 7, Jumapili. Kurudi

Hakuna kilichopasuka. Saa 11 jioni Tabora. Magunia yale mawili yaliachwa kwa mama wa karanga, pamoja na chupa ya mwisho ya asali.

Wiki iliyofuata: kwenye hadubini

Kichujio cha 0.02 kinawekwa juu ya kingine cha 0.45 kilicholoweshwa, sampuli inavutwa, kinakauka mpaka kinakuwa cheupe, halafu kinalazwa juu ya tone la SYBR Gold gizani dakika 15. Virusi vinaonekana kama vumbi la kijani, bakteria kama taa za gari. Hesabu ndani ya saa moja, mwanga wa hadubini unavififisha.

Kila siku ya kazi tengeneza slaidi moja ya maji matupu yaliyochujwa, ihesabu, na uitoe kwenye nyingine zote. Tulipuuza hilo siku ya kwanza, na slaidi sita zilirudiwa.

Hesabu inakwenda hivi, kwa namba za mfano ili mtu aifuate kwa karatasi. Faneli yenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201. Kiraba cha hadubini cha mikromita 100 kwa 100 ni milimita ya mraba 0.01, kwa hiyo viraba 20,100. Ukiona wastani wa nukta 50 kwa kiraba na ulichuja mililita 0.5, ni virusi milioni 2 kwa mililita.

Kwa mirija ya saa 24, chora virusi dhidi ya saa, chukua mwinuko. Tuseme vinaongezeka 60,000 kwa mililita kwa saa. Kama nusu ya bakteria walipotea kwenye kuchuja, zidisha kwa 2: 120,000. Gawa kwa virusi vinavyotoka kwenye bakteria mmoja anayepasuka. Baharini wengi hutumia 24, na hapo unapata bakteria 5,000 waliokufa kwa mililita kwa saa. Kwa siku ni 120,000, na kama maji yana bakteria milioni 1 kwa mililita, ni 12%. Kila mmoja akiwa na femtogramu 20 za kaboni (femtogramu bilioni moja ni mikrogramu moja), mchuzi uliomwagika ni mikrogramu 2.4 za kaboni kwa lita kwa siku.

Namba ya 24 ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukiweka 50 vifo vinapungua zaidi ya nusu bila tone la maji kubadilika. Ripoti yoyote ya kazi hii isiyosema imetumia ngapi irudishwe kwa mwandishi wake.

Mirija yenye mitomaisini bado haijahesabiwa yote. Nahodha alipiga simu juzi kuuliza paka wamefikia wangapi, na kusema giza limeingia, boti imerudi kwa dagaa, wenye ndoo wasubiri mwezi.